Pasi kwa Mbaruku

Ipo nchi moja. Msihangaike kuitafuta kwenye ramani, maana hata wenyewe ramani yao huchorwa upya kila waziri wa ardhi anapobadilishwa. Ni nchi nzuri tu. Ina bendera, ina wimbo, ina wizara nyingi kuliko mito, na ina timu ya taifa ambayo, wakati wa mambo haya, ilikuwa imeshindwa kabisa kupiga pasi.

Si kwamba vijana hawakujua mpira. Kipa alidaka, mabeki walikaba, mawinga walikimbia mpaka ukawaonea huruma. Shida ilikuwa katikati. Mpira ulipigwa vizuri, ukateleza juu ya nyasi, ukafika pale anapocheza namba kumi, ukapita, ukaendelea na safari zake mpaka miguuni mwa wapinzani. Wapinzani mwanzoni walishangaa. Baadaye wakazoea, wakawa wanasema asante. Nchi ikafungwa na jirani wa kaskazini, ikafungwa na jirani wa kusini, ikafungwa na kisiwa kidogo ambacho nusu ya timu yake ni walimu wa shule moja.

Sababu ilijulikana na kila mtu mpaka wauza karanga wa uwanjani. Namba kumi hakuwepo. Lakini hilo halikuweza kusemwa, kwa kuwa Serikali ilikwisha kutangaza kwamba yupo.

Mashavu, mke wa namba kumi, alikuwa akizisikiliza mechi hizo redioni, amekaa mkekani na mama mkwe wake, Bi Rehani, huku akimnyonyesha Tunu. Mtangazaji alikuwa Bwana Tindwa, mwenye sauti nene ya kuamsha mtaa. "Chande, nahodha, anatazama mbele," alikuwa akisema Tindwa. "Chande kwa Mbaruku. Mbaruku ana... ah. Pasi imekuwa ndefu kidogo hiyo."

Na kila mara, ingawa alijua, moyo wa Mashavu uliruka. Kati ya lile jina na ile "ah" palikuwa na nafasi ndogo, kama pumzi moja, na ndani ya pumzi hiyo alimwona mumewe waziwazi, soksi zimemshuka kama kawaida yake, anageuka kabla mpira haujamfikia. Halafu mpira ukapotea, na mumewe akapotea nao, upya.

*

Ilianza siku ya kombe. Mbaruku ndiye aliyetoa pasi ya bao la ushindi, na mwandishi wa habari akamfuata na maiki kumuuliza anajisikiaje. Swali hilo katika nchi ile lina jibu moja, na watoto hufundishwa wakiwa chekechea: nimefurahi, namshukuru Mheshimiwa Rais.

Mbaruku akasema, "Nimefurahi, nawashukuru wenzangu. Ila mke wangu kajifungua juzi, kajifungulia sakafuni kwenye korido, maana wodi ya wazazi vitanda havitoshi. Naomba wakubwa watutazame na hapo."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

Kesho yake likaja gari lisilo na namba, na watu wenye adabu sana. Walisalimia, wakaulizia afya ya mtoto, wakasema wanamhitaji baba mtu kwa maongezi mafupi, hata shati asijisumbue kubadilisha. Mbaruku alikuwa ameshika beseni la maji ya kumwogeshea Tunu. Akaliweka chini, akajifuta mikono kwenye kanga ya mkewe. "Yasipoe hayo," akasema. "Narudi sasa hivi." Akaondoka na ndala.

Mashavu alizunguka kila kituo cha polisi, kichanga mgongoni. Kila kituo walimwambia aende kingine, na cha mwisho wakamwambia arudi cha kwanza. Watu wakaanza kunong'ona, na nchi ile haipendi minong'ono. Kwa hiyo Waziri wa Michezo, Furaha na Mshikamano, Mheshimiwa Dakta Mbonde, akaita waandishi.

"Mchezaji Mbaruku hajachukuliwa na mtu," alisema Waziri. "Hajapotea, hajaenda popote, na wala haumwi. Yupo kikosini, yupo fiti, na Jumamosi anaanza."

Waziri katika nchi ile hawezi kusema uongo, sheria inamkataza. Basi Jumamosi Mbaruku akaanza. Jezi yake ilipigwa pasi, ikatundikwa chumba cha kuvalia. Kocha hakuweza kuweka mtu mwingine pale, kwani kusimama mahali ambapo Serikali imesema pana mtu ni sawa na kuiita Serikali mwongo. Mshika kibendera mmoja, kijana anayependa kupanda cheo, alimwinulia kibendera kwamba ameotea. Refa akampa kadi ya njano kwa kuchelewesha mchezo. Mechi ilipokwisha mwandishi aliushikia maiki upepo kwa muda wa heshima, kisha akawaambia watazamaji kwamba leo Mbaruku hakuwa na la kusema. Mwisho wa mwezi akapewa tuzo ya nidhamu, kama mchezaji asiyebishana kabisa na waamuzi.

Watu walicheka kidogo, viganja mdomoni. Mashavu hakucheka. Mwanamke ambaye mumewe yupo hawezi kumlilia. Alijaribu. Majirani walikuja na unga na kuni, wakatandika mikeka, na kabla chai haijachemka mtendaji wa mtaa akafika akiwa na askari.

"Mtu anayecheza Jumamosi humwekei matanga Alhamisi," mtendaji alimwambia. "Huo ni uchuro kwa timu ya taifa."

Mikeka ikakunjwa. Tangu siku hiyo Mashavu alitaka kitu kimoja tu: arudishiwe mumewe, au aambiwe hayupo, akae chini amlilie kama watu wengine wanavyowalilia watu wao.

*

Kufungwa kulipozidi, ikaundwa Tume ya Taifa ya Kuchunguza Kudorora kwa Pasi za Kati, chini ya Dakta Mbonde mwenyewe. Tume ilifanya kazi kwa bidii. Iliupima mpira ukiwa mkavu, ikaupima ukiwa umelowa. Iliita mtaalamu wa udongo, akaeleza kwamba uwanja umeinama kidogo kuelekea kwa wapinzani, na alipoulizwa kipindi cha pili timu zinapobadilishana magoli inakuwaje, akasema uwanja nao hubadilika. Mstaafu mmoja wa bendi ya shaba akalaumu malezi. Hapo ndipo mjumbe mmoja alipokumbuka kwamba malezi huanzia nyumbani, na Mashavu akaitwa.

Alikwenda na Tunu, ambaye sasa alikuwa anakaa mwenyewe na kutafuna kila kilichomkaribia. Ukumbi ulikuwa baridi kama jokofu la nyama. Mjumbe wa pembeni, mama mmoja wa makamo mwenye miwani, akampa mtoto kibendera cha mezani, naye akakitia mdomoni.

"Bibi Mashavu," alisema Waziri kwa upole, "jisikie uko kwako. Taifa lina swali moja tu. Mumeo hapokei pasi. Nyumbani kuna nini?"

"Nyumbani hayupo, mheshimiwa."

"Anachelewa kurudi."

"Hajarudi tangu alipoondoka na watu wa lile gari."

Waziri akawageukia wajumbe. "Kambi," akawaeleza. "Mchezaji wa kweli hukaa kambini." Wajumbe wakatikisa vichwa kwa kuridhika. "Na chakula, mama? Anakula vizuri?"

"Sijui anakula nini. Sijui kama anakula."

"Andika lishe," Waziri alimwambia katibu. "Piga mstari chini yake."

"Analala vizuri?" aliuliza mjumbe mwingine.

Mashavu alimtazama. Alikuwa mzee wa watu, tai imembana shingo, na alionekana anauliza kwa nia njema kabisa. "Baba yangu," akasema, "hata mimi ningependa kujua analala wapi."

Akasimama. Hakuwa amepanga kusimama, miguu ndiyo iliyoamua. "Mheshimiwa, mimi naomba moja kati ya mawili. Kama yupo, nipeni niende naye. Hata kama mgonjwa, hata kama hatembei tena, nitambeba. Kama hayupo, niambieni hayupo, nimlilie. Sitaki kingine. Sitawauliza nani wala kwa nini."

Kiyoyozi kilinguruma. Yule mama wa miwani akaiangalia meza, akaiangalia sana, kana kwamba imeandikwa kitu.

"Bibi Mashavu," Waziri akasema mwishowe, "Serikali ina huruma. Serikali nayo ni mzazi. Lakini jiweke katika nafasi yetu. Unataka tumtoe mchezaji tegemeo, mashindano yakiwa katikati, kwa ajili ya mambo ya kifamilia?"

Ripoti ya Tume ilisomwa redioni, na ilikuwa nene. Ilisema pasi zinapotea kwa sababu watoaji hawazitoi kwa moyo wa kizalendo. Ikaagiza kwamba kuanzia mechi ijayo, mipira mingi zaidi ipite kwa Mbaruku.

*

Siku hiyo Mashavu alimfunga Tunu mgongoni akaenda kwa nahodha. Njia nzima alikuwa anayapanga maneno, makali yote aliyokuwa ameyaweka akiba.

Chande alikuwa ameketi kizingitini anasugua viatu vya mpira kwa brashi kuukuu. Alipomwona akainuka haraka, akavuta kigoda.

"Karibu, shemeji. Huyu kakua, mashallah. Hilo paji la uso ni la baba yake kabisa."

"Basi mpeni pasi na yeye," Mashavu akasema. "Pengine atapokea."

Chande akaketi tena polepole. "Umenipiga hapo," akasema.

"Nimekuja kwa hilo. Mnampigia nani mpira, Chande? Wewe si mtoto. Unajua hayupo. Mnaogopa, semeni mnaogopa, tujue moja."

Chande alisugua kiatu kilichokwisha kutakata. "Mechi ya kwanza tuliogopa," akasema. "Kocha alituambia akitazama chini: mpeni Mbaruku, na mtu asiniulize. Nikapiga. Ya pili hakuna aliyenikumbusha. Nilipiga mwenyewe."

"Kwa nini?"

"Shemeji, mimi na Mbaruku tumeanza na mpira wa makaratasi. Nikipata mpira simtafuti kwa macho, mguu unajua alipo. Sasa nikiupiga pale, kabla haujapita, kidogo hivi, naona kama yupo." Alionyesha kwa vidole hiyo kidogo. "Nilidhani ni mimi tu nimechanganyikiwa. Kumbe ni sote. Kipa wetu anaona kutoka golini kwake, analia, watu wanadhani ni jasho. Hatukumzika yule. Hatukumsalia. Kilichobaki mikononi mwetu ni kumpa mpira. Tukiacha, si tutakuwa tumemtelekeza huko aliko?"

Mashavu alikuwa amekuja na hasira, na sasa hakuona pa kuitua. Kumbe ile pumzi moja haikuwa yake peke yake. Kumi wazima walikuwa wakimwona humo humo, mchana kweupe, mbele ya uwanja uliojaa.

"Hata mimi humwona," akasema taratibu. "Redioni. Kabla Tindwa hajasema imekuwa ndefu."

Tunu aliamka mgongoni, akalia kidogo, akafunguliwa, akawekwa ziwani.

"Chande, nakuomba muache."

"Tuache nini?"

"Msimpe tena."

Chande akamtazama kama hakusikia.

"Unadhani imenitoka kirahisi?" Mashavu akasema. "Mkiacha, hata hiyo kidogo sitaipata. Lakini kila mkimpa mpira, wale wanasema: mnaona, yupo, anapewa. Ninyi mnampa kwa mapenzi, na wanaoupokea ni wao. Mimi nimekaa na mume asiye hai wala maiti. Mwanangu ataanza kutembea, ataniuliza baba yuko wapi. Nimwambie yuko kiungo mshambuliaji?"

Chande akacheka, na kicheko kikamharibikia njiani. Alijifuta uso kwa mkono wenye matope.

"Na nafasi yake tumpe nani?"

"Msimpe mtu. Iacheni wazi, watu waione."

*

Mechi iliyofuata ilikuwa na jirani wa kaskazini, na Waziri alikuwepo jukwaani. Mashavu na Bi Rehani walikaa mkekani, redio katikati yao.

"Chande anao," alisema Tindwa. "Chande kwa Mba... hapana, kwa winga wa kulia. Winga anarudisha. Chande tena. Wanahamisha kushoto. Wanazunguka, wasikilizaji. Wanazunguka vizuri sana."

Ni kweli walizunguka. Mpira ulikwenda pembeni, ukarudi, ukavushwa juu, ukapokelewa, ukapigwa tena, na hakuna pasi hata moja iliyopotea. Lakini katikati ya uwanja hakuingia mtu. Walipofika ukingoni mwa pale pa namba kumi waligeuka, kama watu wanaopita kando ya kitanda cha mgonjwa. Hata wapinzani, ambao hawakuambiwa kitu, wakaanza kupakwepa.

Tindwa naye alikuwa na maagizo yake. "Mbaruku anaomba mpira," akasema. "Hapewi." Na baadaye kidogo, "Mbaruku bado anaomba. Amenyoosha mkono. Wenzake hawamwoni."

Bi Rehani akajifunika uso kwa mtandio. "Zima hiyo, mwanangu," akasema. "Nakuomba."

"Vumilia kidogo, mama."

Mashavu mwenyewe alikuwa ameung'ang'ania ukingo wa mkeka. Ni yeye aliyeomba hivi. Ni yeye aliyesema asipewe, na sasa alikuwa anamsikia ameachwa peke yake, mkono juu.

Bao likafungwa kipindi cha pili, safi, la pasi tupu. Uwanja ulilipuka redioni. Halafu ule mlipuko ukapungua, ukapungua tena, mpaka zikasikika kelele za wauza maji, na hizo nazo zikakoma.

"Wachezaji hawashangilii," alisema Tindwa. Sauti yake nene ilikuwa imepungua unene. "Wamekwenda katikati. Wote, na kipa ametoka golini. Wamesimama duara. Hawaingii ndani, wamepazunguka tu pale pa..."

Akanyamaza. Redio ilivuma tupu.

"Ndugu wasikilizaji," Tindwa akasema, "pale katikati hakuna mtu." Ikasikika pumzi yake ndani ya maiki. "Hakuna mtu pale. Siku nyingi sasa hakuna mtu."

Kikafuata kishindo kama cha kiti kuanguka, na kisha bendi ya shaba ikapigwa mpaka saa ya taarifa ya habari. Bwana Tindwa tangu hapo hajasikika. Redio ilieleza kwamba amekwenda masomoni, na mkewe alipouliza ni masomo gani, akaambiwa ya muda mrefu.

Katika taarifa ya habari alizungumza Waziri mwenyewe. Alilipongeza taifa. Alisema pasi zimerudi, na kwamba zimerudi kutokana na mapendekezo ya Tume, ambayo sasa itabaki kuwa ya kudumu. Kisha akakohoa.

"Aidha," akasema, "baada ya tathmini ya kitaalamu, mchezaji Mbaruku ameachwa nje ya kikosi kwa kushuka kiwango. Serikali inamshukuru, na inamtakia kila la heri huko aendako."

Wimbo wa taifa ukapigwa.

"Wamesema nini?" Bi Rehani akauliza. Alikuwa amesikia. Alitaka asikie kwa mtu.

"Wamesema hayupo, mama."

"Kwa midomo yao?"

"Kwa midomo yao."

Bi Rehani akanyoosha mkono, akamtoa Tunu mapajani mwa mkwewe, akamweka mapajani mwake. "Basi, mwanangu," akasema. "Sogea huku, uegemee ukuta."

*

Hakuna aliyekwenda kuwaita. Jirani wa kwanza aliingia na jamvi kwapani, hakusema neno, akatandika. Wa pili akaleta sufuria kubwa. Wakaja wa mtaa wa pili, wakaja wake za wachezaji, mke wa Chande mbele. Akaja mama mmoja wa miwani ambaye wengi hawakumjua. Alipeana mikono na Mashavu, akaenda kukaa kwenye kona, akaanza kuchambua mchele. Mikeka ilijaa chumbani, ikajaa ukumbini, ikafika mlangoni.

Mashavu aliegemea ukuta na hakulia. Machozi yalikuwa yamekaa mbali sana, kama yametumwa mahali yakasahau kurudi.

Ndipo akafika askari, yule yule wa mara ya kwanza, safari hii peke yake. Akasimama mlangoni, buti zake zikigusa ukingo wa mkeka.

"Huu mkusanyiko wa nini?" akauliza. "Nani kafa hapa?"

"Hajafa mtu, afande," alisema Bi Rehani. "Kijana wetu kaachwa nje ya kikosi. Tunasikitika."

"Mnasikitika namna hii? Na mikeka?"

"Alikuwa mchezaji mzuri mno."

Mwanamke mmoja akaguna kicheko, mwingine akamfuata. Askari alitafuta sheria kichwani. Zilikuwepo nyingi za kukataza kumlilia mchezaji aliyepo kikosini. Ya kukataza kumsikitikia aliyeachwa hakuikumbuka, na Waziri mwenyewe ndiye aliyetangaza kwamba kaachwa.

Alitazama nje barabarani. Alitazama buti zake. Kisha akainama akaanza kufungua kamba, na kwa kuwa zilikuwa ndefu na vidole vyake vinene, ilichukua muda, na wanawake wote walimngoja. Akapita katikati yao na soksi, sare yote mwilini, kofia ameishika mkononi, mpaka ukutani alipokaa Mashavu. Akachuchumaa.

"Pole kwa msiba, dada," akasema.

Mashavu alimtazama askari yule, vifungo vyake vya Serikali vikimeta. Akafungua mdomo ili amjibu ahsante, na badala yake kikatoka kilio, kirefu, cha miezi yote ile, na wanawake wakasogea wakampokea.